Mgonjwa Mmoja, Matibabu ya Wawili: Umuhimu wa Kuwaarifu Wenzi katika Magonjwa ya Zinaa

Katika zahanati yoyote ya uwanda wa kati wa Tanzania, iwe Bahi, Mpwapwa, Kondoa au pembezoni mwa jiji la Dodoma, hutokea mara kwa mara jambo ambalo tabibu hulijua vema lakini hulizungumza kwa nadra. Mgonjwa huja akilalamikia maumivu wakati wa kukojoa na kutokwa na usaha. Hupimwa, hupewa dawa, naye hupona. Baada ya wiki chache mgonjwa yule yule hurudi na malalamiko yale yale, huku akiamini kwamba dawa aliyopewa haikuwa na nguvu. Yawezekana kweli dawa imeshindwa, kwa kuwa vijidudu vya kisonono vimekuwa sugu kwa dawa nyingi. Lakini mara nyingi sababu ni nyingine na ni rahisi zaidi: mgonjwa alitibiwa peke yake, na yule anayeishi naye hakuarifiwa.

Ugonjwa wa zinaa kwa maumbile yake ni ugonjwa wa watu wawili au zaidi. Hakuna anayeupata peke yake, na kwa hiyo hakuna tiba iliyokamilika inayoishia kwa mtu mmoja. Kazi ya kumpasha habari mwenzi kwamba huenda ameambukizwa, ili naye apimwe na atibiwe, huitwa kuwaarifu wenzi. Ni kazi inayohitaji elimu ya viumbe, hesabu, sheria na utu kwa pamoja.

Ukubwa wa tatizo

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 yalitokea maambukizo mapya milioni 374 ya magonjwa manne ya zinaa yanayotibika, miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Kati ya hayo, trikomonasi ilikuwa na milioni 156, klamidia milioni 129, kisonono milioni 82 na kaswende milioni 7. Magonjwa haya yote manne yana dawa. Ikiwa dawa zipo, kwa nini basi maambukizo hayakomi?

Jibu kubwa limo katika neno dalili. Watu wengi hudhani kwamba mwenye ugonjwa lazima ajisikie mgonjwa. Katika magonjwa ya zinaa dhana hiyo si ya kweli. Wanawake walio wengi wenye klamidia hawana dalili yoyote wanayoiona, na hali kadhalika wanaume wengi. Kisonono humtesa mwanamume upesi, kwa kawaida kati ya siku mbili na tano baada ya kuambukizwa, lakini kwa mwanamke kinaweza kukaa kimya kwa muda mrefu. Kaswende huanza kwa kidonda kisichouma, ambacho hutokea kwa wastani baada ya siku 21, ingawa chaweza kutokea mapema kama siku ya 10 au kuchelewa hadi siku ya 90. Kidonda hicho hupona chenyewe bila dawa, naye mgonjwa hujiona amepona, kumbe vijidudu vimeingia katika damu na vyaweza kujificha humo kwa miaka.

Mtu asiye na dalili hana sababu ya kwenda zahanati. Hawezi kujua hali yake mpaka aambiwe, na mtu pekee mwenye sababu ya kumwambia ni mwenzi wake aliyekwisha kugunduliwa. Habari hiyo isipofika, ugonjwa hubaki ndani ya nyumba.

Madhara yake si madogo. Kisonono na klamidia zisizotibiwa huweza kupanda hadi katika mirija ya uzazi ya mwanamke, zikaiachia makovu, na kusababisha utasa au mimba kutunga nje ya mji wa mimba. Mtoto anayezaliwa na mama mwenye kisonono aweza kuambukizwa macho na kupofuka. Kuhusu kaswende, utafiti uliofanywa mkoani Mwanza na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba miongoni mwa wajawazito waliokuwa na kaswende kali isiyotibiwa, mmoja kati ya kila wanne alizaa mtoto mfu. Watafiti walikadiria kwamba pale ambapo wajawazito hawapimwi, karibu nusu ya vifo vyote vya watoto tumboni vilitokana na kaswende. Utafiti huo huo ulithibitisha pia kwamba sindano moja ya penisilini iliyopigwa mapema iliondoa hatari hiyo. Lakini mama aliyepigwa sindano hiyo, kisha akarudi kwa mume asiyetibiwa, aweza kuambukizwa upya kabla ya kujifungua.

Hesabu ya maambukizo

Wanafunzi wanaojifunza uwezekano katika somo la hisabati wanaweza kuihesabu hatari hiyo wenyewe. Imekadiriwa kwamba mwanamume anayejamiiana mara moja na mwanamke mwenye kisonono ana uwezekano wa takriban asilimia 20 wa kuambukizwa. Maana yake, uwezekano wa kunusurika kwa mara moja ni 0.8. Akirudia mara nne, uwezekano wa kunusurika mara zote nne ni 0.8 × 0.8 × 0.8 × 0.8, yaani 0.41. Hivyo uwezekano wa kuambukizwa tena ni 0.59, au asilimia 59. Akirudia mara kumi, hatari hufikia asilimia 89. Mume aliyetibiwa peke yake, kisha akarudi katika maisha ya kawaida ya ndoa, ana karibu hakika ya kuugua tena katika muda mfupi.

Hesabu ya pili inahusu jamii nzima. Wataalamu wa magonjwa ya kuambukiza hutumia kanuni fupi yenye vipengele vitatu. Wastani wa watu wapya wanaoambukizwa na mgonjwa mmoja hupatikana kwa kuzidisha uwezekano wa kuambukiza mwenzi, idadi ya wenzi wapya katika muda fulani, na urefu wa muda ambao mgonjwa anabaki na vijidudu. Jibu likizidi 1, ugonjwa huenea. Likipungua chini ya 1, ugonjwa hufifia.

Chukulia, kwa ajili ya zoezi tu, kwamba uwezekano wa kuambukiza ni 0.5, kwamba mgonjwa hupata mwenzi mpya mmoja kila baada ya miezi miwili, na kwamba hukaa na vijidudu kwa miezi sita. Jibu ni 0.5 × 0.5 × 6, yaani 1.5. Wagonjwa 100 wataambukiza 150, hao wataambukiza 225, na hao nao karibu 338. Sasa chukulia kwamba wenzi huarifiwa upesi, na kwa sababu hiyo muda wa kukaa na vijidudu hupungua hadi miezi mitatu. Jibu hushuka hadi 0.75. Wagonjwa 100 wataambukiza 75, hao 56, na hao 42. Dawa ni ile ile na tabia za watu ni zile zile. Kilichobadilika ni kasi ya kufika kwa habari.

Nchi ya njia panda

Hoja hii ya kasi ina uzito wa pekee katika uwanda wa kati. Tangu zama za misafara, nchi ya Ugogo imekuwa njia panda. Leo reli ya kati hupita Dodoma, na barabara kuu itokayo Iringa kwenda Arusha hukutana hapo na ile itokayo Dar es Salaam kuelekea Singida na Ziwa. Kibaigwa, wilayani Kongwa, kuna soko kubwa la mahindi linalowavuta wafanyabiashara na madereva kutoka mikoa mingi. Minada ya mifugo hukusanya watu kwa siku moja na kuwatawanya siku hiyo hiyo. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu, kuanzia mwezi Desemba hadi Aprili, na katika miezi mirefu ya kiangazi watu wengi husafiri kutafuta vibarua au malisho.

Juu ya hayo, mkoa wenyewe umekua kwa kasi. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kuhamia Dodoma, na mwaka 2018 sheria iliutambua rasmi mji huo kuwa makao makuu ya nchi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 2,083,588 mkoani Dodoma; ile ya mwaka 2022 ilihesabu 3,085,625. Ni ongezeko la asilimia 48 katika miaka kumi.

Kusafiri na kuhamia si kosa, wala hakumfanyi mtu kuwa mchafu. Lakini vijidudu husafiri na watu, na mwenzi aliyekuwa jirani wiki iliyopita huenda leo yuko umbali wa kilomita mia nne. Zamani muuguzi aliyetaka kumpata mtu wa namna hiyo hakuwa na njia. Siku hizi simu ya mkononi imeipunguza kazi hiyo, mradi mgonjwa awe tayari kutoa namba na mhudumu awe hodari wa kulinda siri.

Njia za kuwaarifu wenzi

Kuna njia tatu kuu. Ya kwanza ni mgonjwa mwenyewe kumwambia mwenzi wake. Njia hii ni nafuu na ndiyo inayotumika zaidi. Mara nyingi mgonjwa hupewa kadi ya kumkabidhi mwenzi, nayo huandikwa namba ya siri tu, bila jina la ugonjwa, ili ikiokotwa na mtu mwingine isimwaibishe yeyote. Ya pili ni mhudumu wa afya kumtafuta mwenzi na kumwarifu bila kumtaja aliyemtaja. Ya tatu ni mapatano: mgonjwa hupewa siku kadhaa za kutoa habari mwenyewe, na akishindwa, mhudumu huifanya kazi hiyo kwa idhini yake. Zaidi ya hizo, mgonjwa na mwenzi waweza kufika pamoja na kuzungumza mbele ya mhudumu aliyefunzwa.

Wenzi wa kipindi gani wanaohusika? Kanuni hutegemea tabia ya kijidudu. Kwa kisonono na klamidia, wataalamu wengi hurudi nyuma siku 60. Kwa kaswende ambayo ingali katika hatua ya kidonda, hurudi nyuma miezi mitatu na kuongeza muda ambao kidonda kimekuwapo, kwa sababu ugonjwa huo huchelewa kujitokeza.

Katika Tanzania yenyewe upo ushahidi kuhusu kazi hii. Mwaka 2015, katika hospitali tatu za mkoa wa Njombe, watu 390 waliogunduliwa kuwa na virusi vya UKIMWI walikubali kusaidiwa kuwaarifu wenzi wao. Waliwataja wenzi 438. Kati ya hao 249 walifika hospitalini, na 239 walikubali kupimwa. Waliokutwa na virusi walikuwa 148, yaani zaidi ya sita katika kila kumi waliopimwa. Ni vigumu kupata njia nyingine ya upimaji inayowafikia wahusika kwa usahihi kama huo. Mwaka uliofuata, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza huduma hiyo ya hiari itolewe kwa watu wote wanaogunduliwa kuwa na virusi.

Aidha, kuarifiwa mapema siku hizi hakumaanishi kupewa hukumu ya kifo. Utafiti mkubwa uliohusisha jozi 1,763 za wenzi katika nchi tisa, Kenya ikiwamo, ulionyesha mwaka 2011 kwamba kuanza dawa mapema kulipunguza kwa asilimia 96 maambukizo kwenda kwa mwenzi asiye na virusi. Mwenzi aliyepimwa na kukutwa salama naye hufaidika, kwani aweza kupewa dawa za kinga.

Aliyegundua kwanza si lazima awe aliyeambukizwa kwanza

Kikwazo kikubwa kuliko vyote ni swali linaloulizwa mara tu habari inapotolewa: nani ameuleta? Katika nyumba nyingi jibu hutolewa kabla ya kufikiri. Aliyekwenda zahanati kwanza ndiye hulaumiwa, na kwa kuwa wanawake hupimwa kila wanapokwenda kliniki ya wajawazito, wao ndio hugunduliwa kwanza, na wao ndio hubebeshwa lawama.

Sayansi haikubaliani na hukumu hiyo. Ikiwa mume ana dalili leo na mke hana, haithibitishi kwamba mume ndiye aliyeanza. Wala ikiwa kipimo cha mke kimeonyesha kaswende, haithibitishi kwamba mke ndiye mkosaji. Kaswende iliyojificha yaweza kuwa ya miaka kadhaa, pengine kabla ya ndoa yenyewe. Trikomonasi yaweza kukaa miezi mingi bila kujulikana. Kipimo cha kawaida cha zahanati huonyesha kama maambukizo yapo. Hakionyeshi yametoka kwa nani.

Hofu ya lawama ina msingi. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam mwaka 1999 miongoni mwa wanawake waliokwenda kupima ulionyesha kwamba wanawake vijana wenye virusi vya UKIMWI walikuwa na uwezekano mara kumi zaidi wa kusema wamepigwa na wenzi wao kuliko vijana wenzao wasio na virusi. Wanafunzi wa sayansi na wausome ushahidi huu kwa uangalifu. Hauthibitishi kwamba kutoa habari ndiko kulikoleta kipigo. Yawezekana kwamba mwanamke anayeishi kwa kipigo hana uwezo wa kujikinga, na hivyo kipigo ndicho kilichotangulia. Vyovyote iwavyo, unamfundisha mhudumu wajibu wake: kabla ya kumwambia mwanamke aende kumwarifu mume, amwulize kwanza kama kuna hatari nyumbani. Ikiwapo, atafute njia nyingine.

Namna ya kusema nayo ina maana. Mume anayemwambia mkewe, “Mama watoto, nimepimwa zahanati, nimekutwa na ugonjwa unaotibika, na daktari anataka sote wawili tupate dawa,” amefungua mlango wa matibabu. Anayeanza kwa kumtaka mwenziwe aungame amefungua mlango wa ugomvi, na ugomvi hauui bakteria.

Sheria au hiari?

Je, serikali imlazimishe mtu kusema? Swali hili ni la zamani. Katika Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilitunga kanuni mwaka 1942 iliyoruhusu mtu aliyetajwa na wagonjwa wawili tofauti kulazimishwa kupimwa. Kanuni hiyo ilifutwa mwaka 1947, lakini kazi ya kuwatafuta wenzi kwa hiari iliendelea na ikawa desturi ya kliniki.

Nchini Tanzania, Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inamtaka kila anayejua kwamba ana virusi amwarifu mara moja mume, mke au mwenzi wake wa kujamiiana. Sheria hiyo hiyo inawataka wahudumu wa afya kutunza siri za wanaopimwa. Mwaka 2019 sheria ilirekebishwa ili kuruhusu mtu kujipima mwenyewe, na kijana wa miaka 15 kupimwa bila kuhitaji idhini ya mzazi.

Masharti hayo mawili, la kusema na la kutunza siri, yaonekana kupingana, lakini kwa kweli yanategemeana. Mgonjwa hutaja majina pale tu anapoamini kwamba majina hayo hayatafika sokoni. Siku siri moja inapovuja katika zahanati ya kijiji, wagonjwa wengi wanaofuata hufunga vinywa vyao, na hakuna sheria inayoweza kuvifungua. Kwa hiyo muuguzi anayetunza siri anafanya kazi ya kuzuia ugonjwa sawasawa na yule anayepiga sindano.

Ushahidi kwamba huduma nzuri ya zahanati inaweza kubadili mwenendo wa ugonjwa ulitoka pia Tanzania. Kati ya mwaka 1991 na 1994, jumuiya 12 za mkoa wa Mwanza zilifuatiliwa. Katika sita, vituo vya afya viliimarishwa kwa mafunzo, dawa na elimu ili kutibu magonjwa ya zinaa vizuri zaidi. Sita nyingine zilingoja. Baada ya miaka miwili, watu walioambukizwa virusi vya UKIMWI walikuwa asilimia 1.2 katika kundi la kwanza na asilimia 1.9 katika la pili, tofauti ya takriban asilimia 40. Majaribio yaliyofanywa baadaye Rakai, Uganda, kwa kuwagawia watu wote dawa kwa mkupuo, hayakupunguza virusi vya UKIMWI, na wanasayansi wamejadili kwa muda mrefu sababu za tofauti hiyo. Majaribio hayo hayakupima kuwaarifu wenzi peke yake. Hata hivyo yaliufundisha ulimwengu kwamba zahanati ndogo ya kijijini, ikihudumia vema, si kitu cha kudharauliwa.

Wajibu wa shule

Mwalimu wa baiolojia ana nafasi ambayo tabibu hana. Tabibu humpata mtu akiwa tayari mgonjwa, mwenye hofu na haya. Mwalimu humpata kijana akiwa mzima na mwenye udadisi. Akimfundisha kwamba maambukizo yaweza kukaa bila dalili, kwamba kidonda kilichopona si ushahidi wa kupona, kwamba dawa humezwa na wawili na humalizwa, na kwamba kipimo hakimtaji mkosaji, atakuwa amemwandaa kwa siku ambayo huenda itafika, siku ya kuitoa habari au kuipokea.

Siku hiyo kijana atahitaji mambo machache tu. Akiwa ndiye mgonjwa, aende kituo cha afya, asinunue dawa ovyo dukani, ajiepushe na kujamiiana mpaka yeye na mwenzi wake wamemaliza matibabu, na aseme au aombe kusaidiwa kusema. Akiwa ndiye aliyepewa habari, asisubiri dalili na asitafute wa kumlaumu, aende akapimwe. Aliyemwarifu amemwonyesha heshima, maana angeweza kunyamaza. Katika magonjwa haya, ukimya wa mtu mmoja hulipiwa na watu wengi, na mara nyingine hulipiwa na mtoto ambaye hajazaliwa.